Msimuite mwizi wa mshahara, muulizeni aliyemsainisha

Ndugu Mhariri,

Ile barua ya msomaji mliyoitoa wiki iliyopita kwenye ukurasa wa michezo, iliyosema mchezaji aliyevuka miaka 30 akishuka kiwango huku mkataba bado unamlipa basi huyo ni mwizi wa mshahara na atimuliwe bila senti tano, imeniuma kweli. Niliisoma hapa Kibirizi, Kigoma, asubuhi tukisubiri mitumbwi irudi, nikawasomea na wenzangu, tukabishana mpaka dagaa wakashushwa na kila mtu akaondoka na lake. Mimi langu ni hili, yule mchezaji hajaiba kitu. Aliyekosea ni yule aliyeshika kalamu upande wa klabu, na kosa lake lilikuwa linaonekana siku ileile anasainisha, maana mtu wa miaka 31 ukimpa miaka mitano hesabu yake haihitaji mganga, anamaliza akiwa na 36.

Mfano ninaotaka kuutoa hautoki kwenye soka, unatoka kwenye hoki ya barafu, na naomba wasomaji wasiuruke eti kwa sababu ni mchezo wa mbali. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yupo Kanada mji wa Calgary mwaka wa nne sasa, anafanya kazi kwenye ghala, na wenzake pale kazini habari yao ni timu moja tu inaitwa Flames. Sasa yule kijana ananitumia voisi za WhatsApp ndefu kweli, "mjomba sikiliza hii", mimi nasikiliza usiku nikiwa naandika madaftari ya biashara. Mwanzo sikuelewa kitu, wanateleza kwa viatu vyenye chuma chini kama kisu, wanapiga kisahani cheusi kwa magongo, mtu anaingia uwanjani sekunde kama 45 hivi anatoka anaingia mwingine kwa jinsi mbio zilivyo kali, halafu wanabamizana ukutani na ni halali. Ila alipofika kwenye mambo ya mikataba nikakaa sawa, maana niliona ni yaleyale ya kwetu, tofauti ni kwamba wenzetu namba zote ziko hadharani, mshahara wa kila mtu unaujua mpaka senti.

Haya sikilizeni ya Calgary kwenyewe. Mwaka 2022 Flames walikuwa na mshambuliaji anaitwa Matthew Tkachuk, miaka 24, akawaambia viongozi mimi mkataba mrefu hapa sisaini. Mwezi wa 7 wakambadilishana na Florida Panthers, wakapewa Jonathan Huberdeau pamoja na beki MacKenzie Weegar na vitu vingine juu yake. Na Huberdeau alikuwa ametoka kwenye msimu bora wa maisha yake, pointi 115, yaani magoli 30 na pasi za magoli 85, kule wanajumlisha vyote viwili. Tkachuk alikuwa na 104. Kwa hiyo ukiangalia kwa macho ya siku ile Calgary hawakupunjwa hata kidogo, walipoteza wa 104 wakapata wa 115, na mwezi uliofuata wakamfunga Huberdeau kwa mkataba wa miaka 8, dola milioni 84, milioni 10 na nusu kila mwaka.

Tatizo ni kwamba ule mkataba ulianza kuhesabika msimu wa 2023, Huberdeau ameshatimiza 30, na unaisha 2031 akiwa na 38. Florida nao walimpa Tkachuk miaka 8, dola milioni 76, ila yeye ameianza akiwa na 24 anaimaliza akiwa na 32. Miaka ni ileile 8, na mwenye umri mkubwa ndiye analipwa zaidi. Huberdeau msimu wa kwanza Calgary akapata pointi 55, yaani pungufu ya 60 kwa mwaka mmoja, msimu uliofuata 52, halafu 62. Tkachuk msimu wa kwanza Florida 109 na wakafika fainali, 2024 wakabeba Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa ligi yao, 2025 wakalibeba tena na safari hii jamaa alicheza huku msuli wa pajani umechanika, lakini alikuwa na 27, mwili wa 27 unavumilia vitu.

Mpwa wangu anasema pale ghalani kuna watu wanamuita Huberdeau majina kama hayohayo ya kwenye barua yenu. Nikamuuliza swali moja, je yeye ndiye aliyewalazimisha wasaini? Akanyamaza kidogo akasema hapana mjomba, wenyewe ndio walikuwa na haraka, maana walikuwa wametoka kupoteza nyota wawili kiangazi kimoja na mashabiki wana hasira. Hapo ndipo penye jambo, viongozi walikuwa wananunua utulivu wa mashabiki kwa miguu ya mtu ambayo ilikuwa inaelekea kuchoka.

Sasa kuna watu watasema umri ni namba tu, wengine wanachoka mapema wengine hawachoki. Kweli, lakini wale jamaa wa hoki wamelifanyia hesabu suala hili miaka mingi, na walichokikuta ni kwamba mshambuliaji kwa kawaida anafika juu kabisa katikati ya miaka ya 20, anakaa pale kidogo, halafu kuanzia 28 au 29 anaanza kushuka taratibu, na akivuka 30 na kitu mteremko unakuwa mkali. Mabeki wanachelewa kidogo. Makipa wanachelewa zaidi ila hawatabiriki. Na wanaofanya hesabu hizo sio wapiga domo, mmoja wao Eric Tulsky alikuwa mwanakemia mwenye shahada ya uzamivu (PhD), akawa anaandika hesabu za hoki muda wake wa ziada mpaka timu ikamchukua, na tangu 2024 ndiye meneja mkuu wa Carolina Hurricanes.

Kitu kilichonifungua macho ni namna wanavyohesabu. Ukichukua wachezaji wote wenye miaka 36 ukaangalia wastani wao utaona mbona wako vizuri tu, ukasema kumbe umri si kitu. Lakini unakuwa umejidanganya, kwa sababu wenye miaka 36 waliobaki kwenye ligi ni wale wagumu peke yao, wenzao waliochoka walishaondoka siku nyingi na hawamo kwenye hesabu yako. Hii ni kama mtu mgeni aje hapa Kibirizi saa kumi na moja alfajiri, akute wazee wawili watatu wa miaka 60 wanashuka kwenye mitumbwi ya dagaa na karabai zao, wamekesha ziwani usiku kucha na wanatembea wima, halafu aseme kazi ya kuvua haichoshi mtu. Haoni wale ambao viuno viliwakataa wakiwa na 45, wako majumbani Gungu na Mwandiga wanalima bustani, hao asubuhi hawapo ufukweni. Kwa hiyo hesabu ya kweli unamchukua mtu mmoja mmoja, unamlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana, unafanya hivyo kwa mamia ya watu, ndipo unaona mteremko. Na hata hapo bado kuna waliopotea kabla hujawahesabu, kwa hiyo mteremko wenyewe pengine ni mkali kuliko unavyoonekana.

Msomaji atauliza, kama wanajua yote haya kwanini bado wanasaini? Nimelifikiria sana hili. Jibu moja liko kwenye sheria zao. Kijana akiingia NHL, ndiyo ligi yao kuu ya hoki, akiwa na miaka 18 mpaka 21 mkataba wake wa kwanza ni wa miaka 3 na mshahara una dari, hata kama anafunga kuliko wakubwa wote. Baada ya hapo bado klabu inammiliki kwa namna fulani, anakuwa huru kabisa kuchagua timu akifika miaka 27 au akishacheza misimu 7. Maana yake ile miaka yake mizuri kabisa, 21, 22, 23, klabu imeila kwa bei ya chini, na siku anaruhusiwa kwenda sokoni kuuza jasho lake kwa bei ya haki ndiyo siku mlima umeisha anaanza kuteremka. Ndio maana mimi nakataa katakata neno mwizi. Hela anayolipwa akiwa na 34 nyingi yake ni deni la alipokuwa na 22 na hakulipwa. Kama kuna aliyekula cha mwenzake hapo hesabuni vizuri mtajua ni nani.

Jibu lingine ni ujanja, na ujanja huu uliwatokea puani. Wenye timu walifunga ligi msimu mzima wa 2004 kwenda 2005, haikuchezwa mechi hata moja, wakarudi na kikomo cha mishahara, kila timu isizidishe dola milioni 39 kwa mwaka, na msimu wa 2025 kwenda 2026 kilikuwa kimepanda mpaka milioni 95 na nusu. Kikomo kinahesabu wastani wa mkataba, sio hela anayopokea mwaka ule. Basi watu wakagundua ukiurefusha mkataba ukaweka miaka ya mwisho yenye hela kiduchu, wastani unashuka na unapata nafasi ya kusajili mwingine. New Jersey Devils mwaka 2010 wakampa Ilya Kovalchuk miaka 17, dola milioni 102. Miaka mitano ya katikati analipwa milioni 11 na nusu kila mwaka, miaka mitano ya mwisho dola laki tano na nusu tu kila mwaka, na unaisha akiwa na miaka 44. Yaani walioandika walijua kabisa huyu mtu hatocheza mpaka huko. Ligi ikaukataa, msuluhishi akasema ligi ina haki, wakaandika mwingine wa miaka 15 milioni 100, klabu ikapigwa faini ya milioni 3 na kunyang'anywa nafasi ya kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi. Na 2013 Kovalchuk mwenyewe akiwa na 30 akatangaza kustaafu ligi ile akarudi kwao Urusi, ameacha milioni 77 mezani.

Ila anayenisikitisha zaidi ni kipa Rick DiPietro. New York Islanders walimpa miaka 15 dola milioni 67 na nusu mwaka 2006, akiwa na miaka 24 hata 25 hajatimiza, kwa hiyo huyu umri ulikuwa sahihi kabisa, mtaniambia hapo hoja yangu imekwama. Haijakwama. Miaka 15 ni mingi hata kwa kijana, kwa sababu mwili wa kipa anapiga magoti na kujitanua nyonga mara mia kwa siku, na DiPietro aliumia nyonga, akaumia magoti, akaumia tena na tena, misimu yake mitano ya mwisho yote ukijumlisha ni mechi 50 wakati msimu mmoja wa kawaida enzi hizo ulikuwa na mechi 82. Mwaka 2013 wakamvunjia mkataba. Ulikuwa umebaki miaka 8 ya milioni 4 na nusu, jumla milioni 36, sheria inasema unalipa theluthi mbili, milioni 24, ukizigawa kwa miaka mara mbili ya iliyobaki, ndio hiyo milioni 1 na nusu kila mwaka mpaka 2029. NHL hakucheza tena, wanamlipa. Na ni haki yake, magoti aliyaacha pale.

Mwaka huohuo 2013 ligi ikaweka sheria, miaka 8 mwisho kwa mchezaji wako mwenyewe, 7 kwa unayemsajili kutoka timu nyingine, na makubaliano mapya yanayoanza 2026 yamekata tena, 7 na 6. Wenye timu wamejiwekea kufuli wenyewe kwa sababu walishajijua hawawezi kujizuia.

Najua kuna mtu atanitajia Ovechkin, na pale Kibirizi walinitajia, maana nilishawahadithia. Alex Ovechkin wa Washington Capitals, Aprili 2025 akiwa na miaka 39 alifunga goli la 895 akampita Wayne Gretzky wa 894, rekodi ambayo watu walidhani haiguswi, na msimu huo alifunga 44. Sawa, lakini tazameni mkataba wake. Ule mrefu, miaka 13 dola milioni 124, alisaini Januari 2008 akiwa na miaka 22. Umekwisha akiwa na 35. Washington walinunua kupanda kwake kote na kilele chote na kombe la 2018 juu yake, alipofikia ule umri wa mashaka wakampa mwingine wa miaka 5. Huo ndio mkataba mrefu wenye akili, tena huo unanisaidia mimi kuliko wao.

Na kwetu Kigoma watu tunapenda kusema mbona Liemba, meli imeundwa Ujerumani 1913, ikaletwa kwa vipande ikaunganishwa hapahapa, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 na imebeba mababu zetu na sisi wenyewe. Liemba ni chuma, unakata bati lililooza unachomelea jipya, unatoa injini unaweka nyingine. Goti la mtu halina bati jipya. Tunaye Juma Kaseja, mzaliwa wa hapa, 2019 akiwa na 34 akarudishwa Taifa Stars na tukawatoa majirani zetu Burundi kwa penalti yeye akiwa golini, nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Lakini ni kipa, na makipa ndio hao nimeshasema wanachelewa, na aliitwa kwa kile alichokuwa anakidaka mwaka ule, hakuna aliyemsainisha Taifa Stars ya miaka sita mbele.

Sasa niseme kilichofanya barua ile isinitoke kichwani. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mweka hazina wa timu moja ya mtaani hapa mjini, jina nitaliacha. Tulimuona mshambuliaji mmoja kwenye ligi ya mkoa, anafunga kila wiki, watu wakachizika, kamati ikakaa usiku uleule. Alikuwa na miaka 31, alisema mwenyewe bila kuficha. Tukakubaliana misimu mitatu, posho kila mwezi, chumba cha kulala na debe la dagaa. Mimi ndiye niliyeandika kwenye daftari na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza huyu msimu wa tatu atakuwaje. Msimu wa kwanza alitubeba kweli. Wa pili mbio zikaisha, mpira anauona lakini hafiki, akili ipo miguu haiji, na wale waliomnyanyua begani wakaanza kumtukana kutoka pembeni ya uwanja, mzee, mwizi, rudi kwenu. Kamati ikasema tusimpe posho mpaka afunge. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu kodi ya chumba ikaachwa. Alikuja kwangu kuuliza, sikuwa na la kumjibu zaidi ya kamati imesema, na daftari lenye sahihi yangu lilikuwa mezani. Akaondoka na treni. Nilimuona stesheni ana begi moja na viatu vya mpira amevifunga kwa kamba vinaning'inia.

Yule kaka alitimiza kila alichoahidi, alikuja mazoezini kila siku mpaka siku ya mwisho. Aliahidi kucheza, hakuahidi kubaki na miaka 31. Sisi ndio tuliolipia magoli aliyokuwa ameshayafunga kwenye timu nyingine, na tulipoona hayaji mengine tukamdai yeye.

Kwa hiyo Mhariri naomba kitu kidogo kwenye gazeti lako. Hizi habari za usajili mnazotoa kila dirisha, mchezaji ameshika jezi, anacheka, mmeandika miaka mitatu, miaka minne, mnaishia hapo. Ongezeni mistari miwili tu, umri wake siku anasaini na umri wake siku mkataba unaisha. Huu umri wa makaratasi na umri wa kweli najua kwetu ni tatizo na lina barua yake, lakini andikeni hata huo wa makaratasi. Mkifanya hivyo mashabiki wataiona ile namba ya pili mapema, wakati bado wana nafasi ya kumuuliza kiongozi, na sio miaka mitatu baadaye wakiwa wamesimama pembeni ya uwanja na mawe ya maneno mkononi.

Msomaji wenu,
Kibirizi, Kigoma